Mkopo wa Ndugu na Marafiki: Pesa Zilizotumwa Bila Maelezo Huhesabiwaje?

Januari shule zinapofunguliwa, na tena mwezi Machi mvua inaponukia Trans Nzoia na Bungoma ilhali mbolea haijanunuliwa, simu za wenye mishahara Nakuru na Kisumu huwa hazipoi. Ujumbe wenyewe hujulikana kabla haujafunguliwa: salamu ndefu kuliko kawaida, habari za watoto, pole za kazi, kisha "nisaidie na elfu ishirini, mwezi ukiisha nakurudishia." Mwishoni kabisa: "Tuma na ya kutoa."

Kinachowafanya watu wamwendee ndugu kabla ya benki si uvivu wa kujaza fomu. Mama anayeuza omena sokoni Kibuye anazungusha pesa kila siku, lakini hana hati ya mshahara wala dhamana ambayo benki itaikubali. Mikopo ya simu huingia kwa dakika moja, ila muda wake kwa kawaida ni mwezi, na ada inayoonekana ndogo kwa mwezi hutisha ukiihesabu kwa mwaka. Hazina ya Hustler iliyozinduliwa Novemba 2022 hutoza asilimia 8 kwa mwaka, bei nzuri kabisa, lakini kiwango chake huanzia shilingi 500, na mia tano hainunui mzigo. Ndugu hana foleni. Tena hawezi kupeleka jina lako CRB, kwenye daftari la wasiolipa mikopo, kwa maana kazi hiyo ni ya taasisi za kukopesha, si ya shemeji yako.

Kwa hiyo sina neno na mkopo wa ndugu. Neno langu ni kwamba pesa hutumwa bila kusemwa ni pesa za nini.

Ujumbe wa M-Pesa hutaja kiasi, jina, tarehe, saa na nambari ya muamala. Sababu hautaji. Elfu sitini za zawadi, elfu sitini za mkopo, elfu sitini za kuingia biashara kwa ubia na elfu sitini za kulipa deni la mwaka juzi, zote huandikwa kwa maneno yale yale. Mambo yakiwa mazuri hakuna anayejali. Ugomvi ukizuka, kila mmoja hukumbuka lake, na mara nyingi wote wawili huamini wanachosema.

Na tofauti hizo ni kubwa. Zawadi hairudi. Mkopo hurudi hata biashara ikifa. Ubia hugawana faida na hasara, kwa hiyo samaki wakioza, pesa zako zimeoza nao. Watu husema "niongezee stoki, tutakula pamoja," na kufikia hapo mkopo na ubia vimeshachanganyika hata kabla pesa hazijatumwa. Mwenye pesa akidai zake, ataambiwa walikuwa washirika. Biashara ikinoga akidai faida, ataambiwa ulikuwa mkopo tu.

Maneno matupu yanatosha?

Kisheria, ndiyo. Hapa Kenya mkopo wa mdomo ni mkataba halali; hauhitaji wakili wala muhuri. Shida ni kuuthibitisha. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi humtwika mzigo huo anayedai. Ukisimama mahakamani na taarifa yako ya M-Pesa, umethibitisha kwamba pesa zilitoka kwako zikaingia kwake. Bado hujathibitisha kwamba alikubali kuzirudisha, na hapo ndipo huingia zile hoja tatu za kila siku: alinisaidia tu, alikuwa ananilipa deni lake, tulikuwa na biashara pamoja.

Kwa ndugu wa karibu kuna kizingiti kingine. Katika sheria tuliyorithi kutoka Uingereza, ahadi za nyumbani huchukuliwa kwanza kuwa ahadi tu, zisizokusudiwa kufikishwa mahakamani. Kesi inayotajwa kila mara ni ya Balfour dhidi ya Balfour ya 1919: mume aliyekuwa akifanya kazi Ceylon aliahidi kumtumia mkewe aliyebaki Uingereza pauni 30 kwa mwezi, ndoa ikavunjika, na mahakama ikakataa kuigeuza ahadi ile kuwa mkataba. Dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi kwamba nyinyi wawili mlikusudia jambo la kweli, lenye kiasi na tarehe. Ushahidi huo ndio ambao wengi wetu hatuuweki, eti tunaona haya.

Dawa yake ni fupi, nayo ni kwamba anayekopa ndiye aandike. Ukiandika wewe "nimekukopesha", hayo ni maneno yako. Akiandika yeye, amekiri. Tuchukue mfano wa mwalimu wa Nakuru aliyemtumia shemeji yake wa Kisumu elfu sitini za kuongeza mtaji wa omena. Pesa zikishaingia, shemeji ajibu hivi:

"Shemeji, nimepokea KSh 60,000 leo tarehe 3 Februari. Ni mkopo. Nitalipa 5,000 kila tarehe 5 kuanzia Machi mwaka huu hadi Februari mwakani. Asante sana."

Basi. Ujumbe huo una kiasi, tarehe, neno "mkopo" na ratiba. Ukiwa umeandikwa kwa WhatsApp au kwa ujumbe wa kawaida, Sheria ya Ushahidi inaukubali kama ushahidi wa kielektroniki. Usiufute, na ukibadilisha simu hakikisha mazungumzo yamehama nawe. Kwa kiasi kikubwa, tuseme laki mbili kwenda juu, mimi ningetaka karatasi yenye nambari za vitambulisho, sahihi za wote wawili na shahidi mmoja asiyekuwa mke wala mume wa yeyote kati yao.

Wapo wanaoona kuandikiana ni kutoaminiana. Waislamu wa Mumias wana jibu la zamani kwa hilo: aya ya 282 ya Sura ya al-Baqara, ndefu kuliko aya zote za Kurani, inaagiza deni la muda maalumu liandikwe na liwe na mashahidi. Iliwaambia hivyo waumini waliokuwa wakiaminiana.

Jambo moja dogo linalowaponza watu wema. Ukihofia kwamba pesa za karo zitaishia kwingine, unalipa moja kwa moja kwenye Paybill ya shule au ya hospitali. Ni busara, lakini sasa taarifa yako inaonyesha umeilipa shule, na jina la aliyekopa halimo popote. Ujumbe wake wa kukiri unakuwa na uzito maradufu hapo.

Riba ambayo haitajwi

Turudi kwa yule mwalimu. Huenda hakuwa na elfu sitini mfukoni. Alizitoa Sacco, kwa asilimia moja kwa mwezi inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, kwa miezi 12. Wengi hudhani gharama ni 7,200, yaani asilimia 12 ya 60,000. Siyo. Mwezi wa kwanza riba ni 600, wa pili 550 kwa sababu salio limeshuka hadi 55,000, na hivyo hivyo hadi mwezi wa mwisho anapolipa riba ya shilingi 50. Jumla ni 3,900. Shemeji akirudisha 60,000 kamili kwa wakati, bado mwalimu ametoa 3,900 zake, na hakuna aliyemshukuru kwa hizo kwa sababu hakuna aliyejua.

Kumwambia shemeji alipe 63,900 si kumfanyia biashara. Ila aambiwe mwanzoni, na hesabu aonyeshwe. Kinacholeta uchungu ni ile kauli ya "nitakurudishia na kitu kidogo juu." Kitu kidogo kwa mmoja ni mia tano, kwa mwingine ni elfu tano, na mahakama haiwezi kukipima. Mahakama yenyewe ina mamlaka ya kuongeza riba kwa deni inaloliamua, lakini hiyo ni hiari yake, haitimizi ahadi yenu. Upande wa pili, usidhani kwamba kwa kuwa mmekubaliana basi riba yoyote inapita: asilimia 20 kwa mwezi ya shailoki, yule mkopeshaji wa mtaani, inaweza kukataliwa na jaji kama ya unyonyaji. Na mtu anayekopesha kila anayebisha mlangoni kwa riba si rafiki tena, ni mfanyabiashara wa mikopo, na biashara hiyo ina masharti na leseni zake.

Saa inayohesabu kimyakimya

Sheria ya Ukomo wa Madai inampa mdai miaka sita kufungua kesi ya mkataba. Inaonekana mingi mpaka uhesabu ndugu wangapi huambiwa "wacha tu mavuno yaingie," mwaka baada ya mwaka. Kama kuna tarehe ya kulipa, miaka sita huanza siku ile tarehe ilipopita bila malipo. Kama hakuna tarehe, kanuni ya zamani ni kwamba mkopo huo hulipwa wakati wowote ukidaiwa, na muda unaweza kuhesabiwa tangu siku pesa zilipotoka. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaja tarehe hata kama ni ya mbali.

Saa hiyo inaweza kurudishwa mwanzo kwa njia mbili. Mdaiwa akilipa chochote, hata elfu moja, kwa ajili ya deni hilo, miaka sita huanza upya siku hiyo. Au akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake. "Nakumbuka bro, usijali" aliyoisema mkikutana stendi haitoshi. Kwa hiyo ndugu akikwambia hali ni mbaya, elfu moja yake iliyotumwa na maneno "sehemu ya deni" ina thamani zaidi ya elfu moja.

Hatimiliki ndani ya sanduku

Hapa ndipo Magharibi ya Kenya inapojifunga yenyewe. Mtu anahitaji laki moja, mwenye pesa anataka dhamana, mkopaji anatoa hatimiliki ya shamba. Inafungiwa sandukuni na wote wanalala usingizi.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitambua dhamana ya namna hiyo. Kifungu cha 79 kinakubali dhamana isiyo rasmi, ama kwa ahadi iliyoandikwa mbele ya shahidi, ama kwa kumwachia mdai hati yenyewe. Lakini kifungu hicho hicho kinasema mdai wa aina hiyo hawezi kulichukua wala kuliuza shamba bila amri ya mahakama. Kukaa na karatasi hakukufanyi mwenye shamba, hata ukae nayo miaka ishirini. Kama nyumba ya familia iko juu yake, mke au mume lazima awe ameridhia. Na likiwa shamba la kilimo, kuna Bodi ya Kudhibiti Ardhi: mauzo, ukodishaji na uwekaji rehani wa ardhi hiyo huhitaji idhini yake, inayopaswa kuombwa ndani ya miezi sita, la sivyo mapatano yanakuwa bure. Karatasi za "nikishindwa kulipa, shamba ni lako" hufia hapo.

Kabla hata ya yote hayo, fungua hati usome jina. Vihiga, Kakamega na Siaya kumejaa hati ambazo bado zina jina la babu aliyefariki zamani, mirathi haijafanywa, na wajukuu wamegawana kwa ua na miti. Anayekukabidhi hati hiyo analima kipande chake kwa haki mbele ya jamaa, lakini mbele ya sheria hana cha kuweka rehani. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu bila kibali cha mahakama, na kuvunja katazo hilo ni kosa la jinai. Unaweza kujikuta na hati halisi, mkataba safi, na mkono mtupu.

Kwa ng'ombe, pikipiki au mashine ya kusaga kuna njia iliyo wazi zaidi. Sheria ya Dhamana za Mali Inayohamishika ya 2017 iliunda daftari la kielektroniki ambapo hata mtu binafsi anaweza kusajili kwamba mali fulani imewekwa dhamana ya deni lake. Wachache wanaikumbuka linapokuja suala la ndugu, nami ninadhani ni kwa sababu inasikika kama mambo ya benki. Ng'ombe akiuzwa sokoni Lubao, lakini, utatamani ungemsajili.

Kuna na mkopo ambao huonekana si mkopo: kumwekea rafiki sahihi Sacco. Hutoi shilingi siku hiyo, lakini akikwama, akiba yako ndiyo inakatwa. Kisheria ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine ni lazima iwe kwa maandishi, na fomu ya Sacco ni maandishi tosha. Anayesema "niwekee tu, ni fomu" anakuomba kiasi kile kile ambacho ungekataa kumtumia.

Asipolipa

Hatua ya kwanza huwa wazee, au chifu. Hakuna ubaya, Katiba yenyewe, ibara ya 159, inahimiza njia hizo za kupatana. Chifu anaweza kuwakalisha, kuwasikiliza na kushuhudia mkiandika ratiba mpya. Ratiba hiyo yenye sahihi ni dhahabu, kwa sababu ndiyo ile kukiri deni inayoanzisha miaka sita upya. Chifu hawezi kumfunga mtu wala kuamuru kuku wake achukuliwe.

Polisi, hapana. Kutolipa deni si jinai. Kosa la kupata pesa kwa udanganyifu lipo katika Kanuni ya Adhabu, lakini linahusu uongo kuhusu jambo lililopo au lililokwisha kutokea, kwa mfano mtu aliyechukua pesa zako kwa risiti ya hospitali ya kughushi. Aliyeahidi kulipa mwisho wa mwezi na hakulipa amevunja ahadi tu. Kubandika picha yake kwenye kundi la WhatsApp la ukoo nako kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa, na deni likabaki pale pale.

Mlango uliofunguka miaka ya karibuni ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, kazi ilianza 2021, na sasa iko Nakuru na Kisumu pia. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe. Haifungwi kabisa na kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo ule ujumbe wa shemeji na taarifa ya M-Pesa vinaweza kubeba kesi nzima. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Foleni huwapo, lakini si ile miaka tuliyoizoea. Rufaa ni kwa hoja za kisheria tu. Kesi hufunguliwa kwa mfumo wa Mahakama wa mtandaoni, na kijana wa saiba aliyewahi kuifanya kazi hiyo anaweza kukusaidia kupakia nyaraka. Kabla ya hapo mtumie mdaiwa barua ya madai: kiasi, tarehe ya mkopo, kilicholipwa, siku unazompa. Wengine hulipa kwa barua hiyo, wakiona mambo yamefika kwenye karatasi.

Hukumu si pesa, na hapa lazima niseme wazi. Ukishinda na asilipe, utaomba dalali wa mahakama akamate mali, ila si kila kitu hukamatwa: nguo, vyombo vya kupikia na vifaa vya kazi ya mtu vimelindwa, kwa hiyo cherehani ya fundi usiitamani. Jela ya madai ipo, isiyozidi miezi sita, lakini mahakama hutaka kuridhishwa kwamba mtu ana uwezo na anakataa kwa makusudi. Asiye nacho hafungwi kwa ufukara wake. Kumshtaki ndugu ambaye kweli hana ni kununua uadui kwa ada ya mahakama.

Na kifo kikiingilia

Katika mazishi mengi ya Nyanza na Magharibi, kabla waombolezaji hawajatawanyika hutangazwa kwamba anayemdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa naye, aione familia. Ni desturi nzuri, nayo inakwenda sambamba na sheria: Sheria ya Urithi inaamuru madeni yalipwe kutoka mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana. Watoto hawalipi kutoka mifukoni mwao. Deni ni la mirathi, na mirathi ikiwa tupu, limeishia hapo. Familia ikikataa kuanzisha mirathi, mdai mwenyewe anaweza kuiomba mahakama asimamie, ingawa yuko mwisho wa foleni, nyuma ya mke au mume, warithi wengine na Mdhamini wa Umma.

Aliyekufa akiwa mkopeshaji, wengi humsahau. Deni alilodai ni mali yake kama ng'ombe wake, na msimamizi wa mirathi ana haki ya kulidai, ndani ya ile miaka sita. Lakini mjane atadai nini akifungua taarifa ya M-Pesa na kukuta majina thelathini na viasi bila maelezo? Anayekopesha mara kwa mara awe na orodha, na mwenzi wake ajue iko wapi, hata kama jina moja au mawili yatazua maswali nyumbani.